Nimehama apu za notsi mara tatu, nyie mnatuliaje na moja?

mzururaji:
Wakuu habari. Nina tatizo ambalo mtu akilisikia ataona la kijinga ila linanila muda. Nilianza na Evernote, nikaenda Google Keep, nikahamia Notion nikakaa kama mwaka napamba tu, kila ukurasa una ikoni yake na picha juu, kuja kushtuka ndani hamna kitu, nyumba imepakwa rangi haina hata kigoda. Sasa niko Obsidian na jana nimepoteza saa tatu nzima nachagua themu, yaani rangi na muonekano tu. Mahitaji yangu ni notsi za ninachosoma, shajara ya usiku na kazi za kesho, basi. Mliotulia mlifanyaje?

kalamu_butu:
Pole, huo ugonjwa naujua. Mimi kilichonitibu ni hasara. Kuna apu ya shajara niliandika karibu miaka miwili, simu ikafa, naingia kwenye simu mpya nakuta patupu, kumbe bakapu haikuwahi kuwashwa na mimi sikuwahi hata kuangalia. Niliumwa kichwa siku mbili. Tangu hapo apu yoyote naiuliza swali moja, siku nikiondoka natoka na nini mkononi? Obsidian mafaili yako ni maandishi ya kawaida ya Markdown (maandishi matupu yenye alama chache za vichwa na orodha) yamekaa kwenye folda ya kifaa chako, hata apu ikizikwa kesho unayafungua na programu yoyote ya maandishi. Notion vitu viko kwenye seva zao lakini wanakuruhusu kuvitoa, kurasa zinatoka kama Markdown na majedwali kama CSV, faili la jedwali ambalo hata Excel inafungua. Na za bure nazo masharti hubadilika, Evernote mwishoni mwa 2023 walibana akaunti za bure hadi notsi 50 na daftari 1. Toa vitu vyako leo uone kinachotoka.

taratibu_tu:
Naona unalazimisha apu moja ibebe vitu visivyofanana. Notsi unazitafuta, shajara unaiandika na kuiacha, kazi ikiisha unaifuta. Ukichanganya, kazi zinazama kwenye notsi halafu unakumbuka saa tano usiku. Mimi kazi ziko Todoist, apu ya orodha ya kazi, shajara daftari la karatasi maana nikishika simu usiku siandiki, naishia kuangalia video.

chumvi:
Futa themu, zima plagini zote, vile viongezo vya ziada, kaa hivyo wiki mbili. Hutakufa.

masanduku:
@chumvi 😂😂 Ila watu wa Obsidian mnachekesha, kutwa mnamtaja Niklas Luhmann, yule mwanasosholojia Mjerumani, na mzee wa watu alikuwa na vikaratasi kama 90,000 kwenye masanduku, kila kimoja namba yake na kinakuelekeza kwenye vingine, amekufa 1998 hajui themu ni nini. Ujanja wake ni kwamba alikuwa anavirudia, akiweka kipya lazima apekue vya zamani aone kinakaa jirani na kipi. Wewe notsi ya mwezi uliopita umeifungua mara ngapi?

mzururaji:
@masanduku usiniulize hilo hadharani. Nimetoa vya Notion sasa hivi kama alivyosema @kalamu_butu, mafaili 140 na ushee, nimefungua kumi za mwanzo, saba ni templeti tupu. Shajara inarudi daftarini leo leo, kazi nitazitenga. Plagini nimezima. Themu jamani niachieni, nimeihangaikia.