Naomba ushauri: kolesteroli na saratani ya matiti iliyozoea dawa
Ndugu zangu, dada yangu ana saratani ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni (protini za seli zinazopokea homoni hiyo ya kike na kuufanya uvimbe ukue), na kwa miaka mitatu amemeza letrozoli kila usiku bila kuruka hata siku moja. Kidonge hicho huzuia kimeng'enya cha aromatesi kisitengeneze estrojeni, lakini vipimo vya karibuni vinaonyesha uvimbe umeanza kukua tena na kolesteroli yake imepanda.

Nimesoma kwamba mwili huigeuza kolesteroli kuwa 27-hidroksikolesteroli, na kwamba utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha, katika panya, jinsi kemikali hiyo inavyojishikiza kwenye kipokezi kilekile cha estrojeni na kuukuza uvimbe. Wazo hilo linaninyima usingizi.

Natambua kwamba panya si binadamu, na sitaki aongezewe statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli, kwa kubahatisha. Kwa aliyepitia haya, au anayetibu wagonjwa wa namna hii: je, tumwombe daktari wake apime mabadiliko ya jeni ya ESR1, ile inayotengeneza kipokezi hicho cha estrojeni, kabla ya kubadili dawa, na suala la kolesteroli tulilete vipi mbele yake?