Tupeane uzoefu: kupanga nyumba ya likizo nje ya nchi bila kulizwa

Mwanzisha mada
Habari zenu wadau. Naomba kila aliyewahi kupanga nyumba ya mtu binafsi kwa likizo nje ya nchi aweke hapa yaliyomkuta, ili anayejiandaa kusafiri asiumie kama tulivyoumia sisi. Naanza na langu.

Ilikuwa Barcelona. Nyumba niliiona kwenye mtandao unaoaminika, picha safi, baraza imejaa maua. Mwenye nyumba akajibu haraka, akasema kalenda yake inasumbua, tuhamie WhatsApp, na nikituma pesa moja kwa moja benki atanipunguzia asilimia 20. Nikatuma. Hata mkataba alinitumia, una muhuri kabisa. Tukafika saa tano usiku, watoto wamesinzia juu ya mabegi. Naangalia namba za milango: 8, 10, 12, halafu ukuta wa gereji. Namba 14 haipo. Mama mmoja wa ghorofani akafungua dirisha, akatutazama, akatikisa kichwa taratibu huku akinyoosha vidole vitatu. Kesho yake nilirudi na mtu wa kunitafsiria ndipo nikaelewa: tulikuwa familia ya tatu kusimama pale na mabegi.

Benki waliniambia pesa niliyoituma mwenyewe kwa hiari ni vigumu kuirudisha. Ningelipa kwa kadi, ndani ya mtandao uleule, ningekuwa na pa kulalamikia.

Mchangiaji wa 2
Pole sana mkuu. Hiyo "tuhamie WhatsApp" ndiyo dalili yenyewe. Kwa mtandao wa kupanga nyumba kama Airbnb, kwa kawaida mwenye nyumba hutumiwa malipo kama saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia. Ukikuta nyumba hewa, pesa bado haijamfikia, na ukiripoti mapema inazuilika. Tapeli analijua hilo vizuri, ndiyo maana anakuvuta utoke nje.

Mimi kabla ya kulipa huipakia picha ya sebule kwenye Google Lens nione imetumika wapi kwingine. Kuna sebule niliambiwa iko Roma, nikaikuta kwenye tangazo la dalali Marekani, makochi yaleyale, hata mkunjo wa pazia ni uleule.

Mchangiaji wa 3
Nami naongezea: angalieni namba ya usajili kwenye tangazo. Leseni za Barcelona huanza na HUTB. Ureno utakuta kibao chenye herufi AL mlangoni. Mji unaodai namba, na tangazo halina, mimi napita hata nyumba iwe nzuri vipi. Hata kama mwenye nyumba si mwizi, unaweza kufutiwa dakika za mwisho. Japani, Juni 2018, sheria mpya ya nyumba za wageni ilipoanza, maelfu ya matangazo yaliondolewa wakati watu wameshakata tiketi.

Mchangiaji wa 4
Wote mnaongelea pesa. Mimi naomba tuongelee uhai.

Tulipanga nyumba yenye hita ya maji ya gesi, imefungwa ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha. Kila jioni baada ya watu kuoga mke wangu anaumwa kichwa na kichefuchefu, tukitoka nje anapona. Tukadhani ni uchovu wa safari. Siku ya tatu nikanunua kengele ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka gesi isipoungua vizuri, nikaiweka koridoni, maji ya moto yakafunguliwa, ikalia. Tulihama usiku uleule. Hewa ile haina rangi wala harufu. Oktoba 2022 wageni watatu wa Kimarekani walifariki hivyo kwenye nyumba ya kupanga Mexico City. Tangu hapo sisafiri bila hicho kidude.

Mchangiaji wa 5
Mimi nikiingia tu narekodi video ya kila chumba kabla ya kushusha mizigo, ndiyo iliyonirudishia amana nilipodaiwa meza iliyovunjika zamani. Halafu kamera: tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb hawaruhusu kamera za ulinzi ndani ya nyumba, hata sebuleni. Ukiiona, piga picha, ripoti.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Mchangiaji wa 4, hiyo kengele unaiweka begi gani?

Mchangiaji wa 4
La mkononi, mkuu. Nikifika naiwasha kwanza, ndipo watoto waende kuoga.