Jiwe langu limekuwa kabari ya Hiace, na aliyefanya hivyo mnamjua

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na siyo baridi ya Uyole. Jina simtaji. Yule wa chama chetu cha mawe, mwenye nyundo inayoning'inia kiunoni kama kirungu cha mgambo. Mnamjua. Hata ambaye hajawahi kukanyaga Mbeya anamjua.

Leo ilikuwa safari ya Daraja la Mungu, Kiwira. Tulitangaziwa kila mwanachama aje na jiwe lake moja la kuonyesha. Mimi nikabeba langu la Makongolosi, kule kwenye machimbo ya dhahabu: kwatzi nyeupe, ukubwa wa nusu tofali, katikati mshipa wa njano unaomeremeta ukilielekeza juani. Nililifunga kwenye kanga ya mke wangu. Mtoto wangu wa mwisho hakubebwa kwa heshima ile.

Kupanda Isyonje, Hiace ikazima. Ukungu, mvua, gari linarudi nyuma taratibu. Konda akapiga kelele, "Jiwe! Leteni jiwe!" Sasa sikilizeni. Mle ndani mna watu kumi na nne wa chama cha MAWE. Kila mtu ana jiwe mapajani. Mmoja ana bazalti ya Rungwe, jiwe gumu la volkano, ambayo hata treni ya TAZARA ikilipanda ni treni itakayoumia. Ghafla wote wamekumbatia mifuko yao wanatazama dirishani kama hawajui Kiswahili. Mimi mjinga nimeshuka kusukuma, jiwe nimeliacha kitini.

Nageuka, yule bwana kashafungua kanga, analisukumia langu chini ya tairi la nyuma kwa kisigino. KISIGINO. Gari likalipanda, likalia kaa! kama mfupa wa kuku mdomoni mwa mwenye njaa. Nilipiga ukelele hadi mama muuza viazi akaacha ndoo zake akidhani nimekanyagwa mimi. Bwana yule akafuta matope mikononi, kwa kanga ileile, akaniambia mbele ya watu wote: "Angalau leo limepata kazi."

Angalau leo limepata kazi!

Huko Kiwira sikuona daraja wala nini. Wenzangu wanaelezwa jinsi uji wa volkano ulivyopoa ukaacha mto unapita chini yake, mimi naona kisigino. Maji yananguruma pale Kijungu, mimi nasikia "limepata kazi". Nimerudi nyumbani, mke kauliza kanga iko wapi.

Atolewe chamani. Hoja nyingine sina. Kisigino jamani!

*

Mkwaruza Vigae: Pole mkuu. Swali moja tu. Ule unjano ulishawahi kuukwaruza mgongoni mwa kigae cha chooni, upande usiong'aa? Ukiacha mstari mweusi, hiyo ni pairiti, dhahabu ya wajinga. Dhahabu yenyewe inaacha mstari wa njano, tena ni laini, ukiigonga inabonyea. Haisemi kaa. Ulipigwa Makongolosi siku nyingi, leo umemaliziwa tu.

Mtoa uzi: Nani kauliza habari za vigae? Nazungumzia KISIGINO.

Bazalti Mwenyewe: Mimi ndiye wa bazalti. Ningelitoa, ila simu iliita.

Mkwaruza Vigae: Isyonje pale kwenye ukungu, mtandao uliupata wapi?

Dada Mbalizi: Afadhali wewe ulivunjiwa. Mimi nilipeleka kipande cha marumaru ya Songwe, nimekisugua wiki mbili hadi kinang'aa, nimekuja na mchumba wangu kabisa. Huyohuyo mnayemjua akakamulia ndimu juu yake. Povu likatoka. Akasema "mnaona, hii na chaki ni ndugu." Najua ni ndugu! Hata mimi najua ni chokaa iliyoachwa na maji moto! Lakini ile ndimu iliacha alama, haitoki hadi leo, na mchumba sasa ananiita Chaki.

Hiace ya Watu: Mmiliki wa gari nazungumza. Mnalilia mawe, viti vyangu je? Viwili vimetoboka. Mtu kapakia mfuko wa saruji umejaa kokoto anasema ni "sampuli". Springi ya nyuma imelala. Gari halikuzima bure pale, lilizimia.

Mtoa uzi: Kwa hiyo nyote mmeona ni sawa kutumia kisigino?

Mnyalu wa Gangilonga: Ndiyo maana huku Iringa tunakwenda zetu Isimila. Unaona shoka za mawe za watu wa kale, unatazama nguzo za udongo, unarudi mikono mitupu kwa sababu kuokota ni marufuku. Hakuna cha kabari.

Ndolezi Boy: Isimila mna makorongo tu. Sisi Mbeya tuna kimondo cha Mbozi, jiwe lililoanguka toka angani, tani 12 za chuma na nikeli, sumaku inanasa.

Mkwaruza Vigae: Tani 16.

Ndolezi Boy: 12. Tumefundishwa shuleni.

Mkwaruza Vigae: Ulisoma zamani. Halafu "sisi Mbeya" kivipi? Mbozi iko mkoa wa Songwe tangu 2016.

Ndolezi Boy: Nyie mlipewa mkoa, kimondo kilikuwepo.

Dada Mbalizi: Safari ya kimondo ndiyo ile tuliyochangia elfu tano ya chakula, tukapewa kipande kimoja cha kuku, tena shingo?

Hiace ya Watu: Shingo ulipata wewe. Dereva alipewa mchuzi.

Mtoa uzi: Jamani, jiwe langu.

Bazalti Mwenyewe: Mweka hazina kama yumo humu atueleze ile elfu tano. Tulikuwa watu ishirini na mbili, kuku nilihesabu wawili.

Mweka Hazina: Watatu. Mmoja alianguka njiani, wa kumuuliza mnamjua.

Dada Mbalizi: Kuku aliyechinjwa anaangukaje?