Masaa tisa Entebbe niko na bi mkubwa, tutoke nje au tukae tu uwanjani?

binti_pongwe
Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa wanaoijua Entebbe. Mwezi ujao narudi na mama kutoka Mumbai alikoenda kutibiwa goti, tunashukia Entebbe ndo tuunganishe ya Dar. Tunatua saa mbili asubuhi, ndege ya Dar ni saa kumi na moja jioni, yani masaa tisa yote hayo. Mama ana miaka sabini na kitu, anatembea na fimbo taratibu, lakini kumkalisha kwenye kiti anatazama ukuta mchana kutwa siwezi, na mwenyewe hatakubali. Wote tuna pasi za Tanzania. Je tunaruhusiwa kutoka? Nasikia Kampala sio mbali, nilikuwa nafikiria nimpeleke akauone ule msikiti mkubwa wa Old Kampala maana anautamani miaka. Mnashaurije?

kitoro_ndo_home
Karibuni sana Uganda dada, na mama mpe shikamoo yake. Kutoka mnatoka, Mtanzania haombi viza huku, unagongewa muhuri unapita. Ila kabla ya yote hakikisha kadi za homa ya manjano, yako na ya mama, na zikae kwenye mkoba wa mkononi zisiende kwenye begi la chini, maana mtaulizwa mkiingia hapa na mkifika Dar mnaweza kuulizwa tena kwa vile mnatokea Uganda. Na mkiwa Mumbai muulize kabisa mabegi makubwa yamebandikwa mpaka Dar, msije mkaanza kuburuta masanduku Entebbe.

Kampala hapana. Ni kama kilomita 40, ukiitaja ni karibu, na ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 inasaidia kweli, lakini haianzii uwanjani, inaanzia Mpala huko, na ikishakutoa Busega unaingia kwenye jamu ya mji kama watu wengine wote, mvua ikinyesha ndo usiseme. Msikiti ni mzuri mno nakubali, lakini uko juu ya kilima, na ule mnara watu wanaopandaga kuangalia mji una ngazi zaidi ya 300, goti lililotoka kutibiwa juzi halina kazi pale. Mama atashinda ndani ya gari na wewe roho iko juu unaangalia saa. Mleteni siku nyingine mkiwa na usiku wa kulala.

Kaeni Entebbe hapa hapa, mji uko dakika chache tu kutoka uwanjani. Nendeni bustani ya Botanical, ipo tangu 1898, na kizuri kwa mama ni kwamba gari inaingia ndani, dereva anateremka nayo taratibu mpaka karibu na ziwa, mnashuka hapo mnakaa kwenye nyasi chini ya mti na upepo wa ziwa unawapiga. Muangalie juu, mbega wanakaa kwenye matawi ya juu kabisa wamenyamaza, unachoanza kuona ni ile mikia mirefu ya manyoya meupe inaning'inia, halafu ukishamuona mmoja ndo unagundua mti mzima wamejaa. Wale tumbili wa chini ndo wa kuchunga, ukiwa na ndizi mkononi wanaichukua na hawaombi.

mvuvi_wa_picha
Mimi ningesema Mabamba. Masaa tisa yanatosha, unapanda boti Nakiwogo unavuka, halafu mtumbwi unakupitisha kwenye mafunjo kumtafuta bulwe, yule ndege mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Anasimama kwenye maji hatikisiki anavizia kamongo, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumuona huyo mmoja tu, sasa wewe uko mlangoni kwake unapita?

kitoro_ndo_home
@mvuvi_wa_picha kwa wewe na mimi sawa kabisa na ningeenda leo, ila huyu ana mama mwenye fimbo, kuingia na kutoka kwenye mtumbwi mwembamba vile sio kitu cha goti bichi. Bulwe wanamfuga pale zoo, hapa hapa mjini karibu na ziwa, amuonee pale akiwa amesimama kwenye njia nzuri. Ile sehemu imeanza 1952 kama kituo cha kulea wanyama waliookolewa, ina simba, faru, sokwe. Dada getini toeni pasi zenu kabla hujalipa, watu wa Afrika Mashariki wana bei yao ya chini.

nyarmombasa_ebb
Jamani mnaongea wanyama tu, mama atakula nini? Binti, mtafutie ngege, nyinyi Tanzania mnaita sato, mzima amekaangwa amekatwa katwa ubavuni, na chipsi na kachumbari, ukitaka matoke yapo pia. Sehemu za kando ya ziwa samaki anaweza kuchukua zaidi ya saa nzima kufika mezani, kwa hiyo agizeni mkifika tu ndo mkae mpige stori. Na wewe mwenyewe usiondoke bila kula rolex pale Kitoro, simama uangalie anavyotengeneza, anapasua mayai kwenye kikombe cha plastiki, anakata kitunguu, nyanya na kabeji humo humo, anakoroga, anamwaga kwenye chuma cha moto, chapati juu, anageuza anakunja, unapewa inachoma vidole.

Mtu akiwashawishi feri ya Kalangala kataeni, ile ikienda mchana inarudi kesho yake asubuhi. Na ule uwanja wa zamani wa mambo ya mateka 1976 ni eneo la jeshi, msisimame kupiga picha.

binti_pongwe
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Kampala nimeiacha, ni Botanical, zoo na samaki. Mama nimemsomea hapa kafurahi ila anauliza sehemu ya kuswali. Na usafiri? Turudi saa ngapi?

kitoro_ndo_home
Mwambie mama asiwe na wasiwasi, Waislamu huku ni wengi, dereva atawapeleka msikitini. Usafiri chukueni spesho, yani gari la kukodi na dereva wake, muelewane bei ya mpaka saa nane kabla hamjaingia ndani, takisi zile za abiria kumi na nne zitamkunja mama miguu. Saa nane mchana muwe mnarudi. Kwenye geti la uwanja gari linakaguliwa na abiria huwa wanashushwa wapite ukaguzi kwa miguu, kwa hiyo dereva amwambie askari mapema kwamba kuna mzee mgonjwa wa goti. Na leo hii piga simu kwa shirika lenu la ndege uombe kiti cha magurudumu, uombe Mumbai, uombe Entebbe kushuka na kupanda, na Dar, wakuandikie kwenye tiketi.