Kisumu iko kizio gani?

*Majirani wa Ploti, Manyatta*

Mama Akinyi: Hamjambo majirani. Naomba msaada, kazi ya Akinyi ya shule. "Eleza maana na asili ya neno hemisfia, kisha utaje Kisumu iko katika hemisfia ipi." Inatakiwa kesho asubuhi.

Baba Wekesa: Huu mtaala unasomesha wazazi. Mtoto analala, sisi tunafanya mtihani 😂

Ouma Boda: Kisumu ni kaskazini. Si Uganda iko hapo tu? Imeisha hiyo.

Mwalimu Barasa: Ouma, pole pole. Tuanze na neno. Asili yake ni Kigiriki: hemi ni nusu, sphaira ni mpira. Walatini wakalichukua wakaandika hemisphaerium, likapita kwa Wafaransa hadi kwa Waingereza. Basi ni nusu ya kitu chochote cha mviringo kama mpira, si lazima iwe dunia.

Bi Mwanaisha: Sisi watu wa pwani nazi ukiipasua, kila upande ni kizio. Hilo si ndilo?

Mwalimu Barasa: Ndilo hasa, Bi Mwanaisha. Hata vitabuni ni kizio cha kaskazini na kizio cha kusini. Mama Akinyi, mwambie aandike kizio.

Mama Akinyi: Anaandika.

Baba Wekesa: Mwalimu, na semi ya semi fainali?

Mwalimu Barasa: Hiyo ni ya Kilatini. Hemi na semi ni ndugu wa tumbo moja. Mahali Wagiriki walipoanza na h, mara nyingi Walatini wana s. Saba kwa Wagiriki ni hepta, kwa Walatini septem.

Sista Nekesa: Niongeze kidogo, nimetoka zamu sasa hivi. Ubongo nao una vizio viwili, na cha kushoto ndicho kinachoongoza mkono na mguu wa kulia. Mzee wetu alipopatwa na kiharusi upande wa kushoto wa kichwa, kijiko ndicho kilichotuambia. Alikuwa anakunywa uji, kikamponyoka mkono wa kulia, akakitazama tu. Na kile kipandauso kinachoshika upande mmoja, Wagiriki walikiita hemikrania, yaani nusu ya fuvu. Wafaransa wakalifupisha, ndiyo migreni tunayoandika kwenye kadi za wagonjwa.

Bi Mwanaisha: Mzee apate nafuu, Sista.

Sista Nekesa: Amina Bi. Siku hizi anashika kikombe mwenyewe.

Ouma Boda: Sawa, lakini Kisumu bado ni kaskazini 😎

Mwalimu Barasa: Ikweta inapita Maseno, Ouma. Ukinyoosha kamba kutoka mjini kwenda kaskazini, ni kama kilomita 11 kabla ya kuufikia mstari. Kwa hiyo Kisumu ni kusini. Nakuru vilevile. Kakamega, Eldoret na Busia ndizo za kaskazini, pamoja na hiyo Kampala yako.

Ouma Boda: Yaani kila nikipeleka mtu Maseno nakaribia kuhama nusu ya dunia na sijui???

Baba Wekesa: Nanyuki kuna jamaa wa beseni. Upande huu maji yakitoka kwenye tundu yanazunguka kulia, akisonga hatua chache ng'ambo yanazunguka kushoto. Niliona kwa macho yangu.

Mwalimu Barasa: Uliona mkono wake, Baba Wekesa. Namna anavyomimina na kugeuka ndiyo inayozungusha maji. Ile nguvu ya mzunguko wa dunia pale ikweta ni sufuri, na hata mbali na ikweta haiwezi kuamuru beseni. Inahitaji kitu kikubwa kama kimbunga. Idai ya 2019 kule Msumbiji ilizunguka kufuata mishale ya saa, maana ni kizio cha kusini. Vya kaskazini huzunguka kinyume.

Baba Wekesa: Na nilimlipa!

Mama Akinyi: Amemaliza. Sasa anauliza, je, mashariki au magharibi?

Mwalimu Barasa: Mashariki. Huko hakuna ikweta ya kukata, watu walikubaliana tu. Mkutano wa Washington, 1884, uliamua kuhesabu kuanzia Greenwich, Uingereza. Sisi tuko karibu nyuzi 35 mashariki ya hapo.

Mama Akinyi: Asante sana Mwalimu. Asante Sista.

Ouma Boda: Tangazo. Kuanzia kesho nauli ya Maseno inapanda. Ni safari ya kizio hadi kizio.

Bi Mwanaisha: Jaribu, tutapanda matatu.