Kadi za maelezo kwa ajili ya tasnifu: zipangwe kwa mada au vipi?

Mchwa_wa_Vitabu
Wakuu, salaam. Naandaa tasnifu juu ya biashara ya majahazi kati ya Oman na pwani yetu. Maelezo yamejaa kwenye madaftari na simu. Nikitafuta kitu sikipati, na nikikipata sikumbuki kilikuwa cha nini. Nasikia habari za kadi za Luhmann. Zinapangwa kwa mada?

Kalamu_Tatu
Si kwa mada, mkuu. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Bielefeld, Ujerumani, aliacha kadi zipatazo 90,000, kila moja na namba isiyobadilika. Wazo la kwanza ni 1, jingine lisilohusiana nalo ni 2. Linaloendeleza 1 liite 1a, ulipachike nyuma yake, kisha 1b. Ukitaka kuchomeka kitu kati ya 1a na 1b, hicho ni 1a1. Ukiitaja 1b leo, hata baada ya miaka kumi utaikuta palepale.

Rimu moja ya A4, kila karatasi ikikatwa vipande vinne, inatoa kadi 2,000. Chukua karatasi ya kawaida ya gramu 80: zote zikisimamishwa ni kama sentimita 20 tu. Manila itajaza kasha mapema. Andika upande mmoja, uweze kusoma bila kuchomoa. Ukichomoa, acha kipande cha rangi chenye namba ile. Kadi iliyorudishwa pasipo pake ndiyo imepotea hiyo.

Bi_Faharasa
Namba ni kazi rahisi. Kadi nyingi zinaharibikia kwenye maandishi. Kadi yenye kichwa "Pepo za msimu" na nukuu tatu chini yake haisemi lolote. Andika sentensi inayoweza kubishiwa: "Nahodha aliyeletwa na kaskazi hakujipangia siku ya kurudi; alingoja kusi." Chini yake mwandishi, mwaka, ukurasa. Kisha: "Tazama 14c: je, wadai nao walihesabu marejesho kwa misimu?" Ukiishia kwenye "tazama 14c", baada ya miezi sita hutajua ulikuwa unaitazamia nini.

Hoja mbili, kadi mbili, maana zitakuja kuhitajika sura tofauti.

Vitabu vipe kasha lake: jina la kitabu mbele, nyuma kurasa na maneno machache ya kukumbushia. Kadi za hoja ziandikwe siku zilezile unapokisoma, kwa maneno yako.

Faharasa, yaani orodha ya maneno ya kutafutia kadi, iwe fupi. Kila neno lipe namba moja au mbili za kuanzia, kadi zenyewe zitakupeleka mbele. Mkusanyiko wa pili wa Luhmann, wenye kadi zaidi ya 60,000, ulikuwa na faharasa ya maneno yapatayo 3,200 tu.

Mchwa_wa_Vitabu
Shukrani sana. Na kwenye kompyuta?

Usiku_Mrefu
Inafaa. Kila kadi faili moja la maandishi matupu, jina lake tarehe na saa, mfano 202503141020, ili ukihama programu viungo visikatike. Ila usitegemee kisanduku cha kutafutia peke yake: ukiandika "dau" hakitakuletea kadi uliyoandika "jahazi". Faharasa bado inahitajika. Na kunakili na kubandika kutakujazia nukuu ambazo hujazifikiria hata kidogo.

Madaftari ya zamani usiyahamishe yote. Anza na kurasa za sura unayoiandika sasa, mengine yasubiri zamu yao.