Naomba ushauri: binti yangu hachezi tena

Assalaam alaykum wapendwa. Nakaa Shella, Malindi. Binti yangu ana miaka 13. Tangu abaleghe, nyanya yake kamkataza kukimbia ufukweni. Kaka yake bado anacheza mpira huko! Sasa akitoka shule ni kitandani na simu, viazi karai vya ukwaju na soda. Watoto wa jirani zetu Wagiriama wanatembea hadi shule, jioni wanateka maji, usiku sima na mtsunga, ile mboga chungu ya majani. Tusijidanganye, hiyo kwao ni shida kuliko hiari. Shirika la Afya Duniani lataka walio na miaka 5 hadi 17 wapate dakika 60 za mazoezi kila siku. Wangu hata 10 hafikishi. Mama mkwe simwezi. Kuna aliyepata mazoezi ya wasichana yenye stara? Uani kwetu padogo, akiruka kamba anaangusha nguo nilizoanika.